Kitanda cha Kijani cha Rositsa

Rhonda Eubanks alikuwa amechoka kusema asante.

Si kwamba alikosa shukrani. Shukrani alikuwa nayo, ya kutosha na kusaza. Lakini kwa miaka mitatu mfululizo alikuwa amelisema neno hilo asubuhi jikoni shuleni alikokuwa mpishi, mchana kwenye kituo cha mafuta lilikokaa kopo la michango, na Jumapili mlangoni mwa kanisa, akipeana mikono na kila anayetoka. Alikuwa ameliandika kwenye kadi mpaka kidole kikaota sugu. Ukimpa dola tano, asante na kadi. Ukimpa pai, asante na kadi, na sahani yako inarudi imeoshwa. Ukimpa ushauri, na ushauri ndio watu wa mji wao wa Tolliver waliotoa kwa wingi kuliko vyote, asante tu na tabasamu la kuumiza mashavu.

Fedha zenyewe zilikuwa za kumleta Rositsa. Huyu alikuwa msichana wa miaka kumi na minne aliyelelewa katika kituo cha watoto huko Bulgaria, na Rhonda na mumewe Gaylon, ambao hawakujaliwa mtoto, walikuwa wameamua awe binti yao. Kuamua kulichukua jioni moja. Yaliyofuata ndiyo yaliyowatoa jasho: wakili wa huku, wakili wa kule, mtu wa kutafsiri kila karatasi, mihuri, daktari, alama za vidole, ndege ya kwenda kumwona na ndege ya kwenda kumchukua. Gaylon aliendesha lori la kusambaza gesi ya majumbani katika vilima vya Missouri, na Rhonda alipakua viazi vya kuponda kwenye sahani za watoto wa wenzake. Kwa mishahara hiyo wangemleta Rositsa akiwa bibi kizee.

Basi wakafanya wanavyofanya watu wa kwetu. Wakapika maharage na nyama ya nguruwe, wakauza sahani kwenye ukumbi wa kanisa. Wakachapisha fulana. Wakanadi pai, na mzee mmoja mwenye ng'ombe wengi akanunua pai ya tufaha kwa bei ya ndama. Watu walitoa, tena kwa moyo mkunjufu. Shida ni kwamba mtu akishatoa huhisi amepewa na ufunguo wa nyumba. Rhonda aliponunua viatu vya kazini, maana vya zamani vilikuwa vinaingiza maji, mwanamke mmoja dukani aliviangalia, akamwangalia usoni, akasema, "Haya, viatu vipya hivyo!" Tangu siku hiyo Rhonda hakula tena hotelini, hakukanyaga saluni, na Gaylon alipong'oka jino la mbele, la pembeni kidogo, aliambiwa acheke kwa upande mmoja mpaka mtoto afike.

Tena kulikuwa na lile swali. "Kwani watoto wa hapa wameisha?" Aliulizwa hivyo na watu ambao hawajawahi kumlaza mtoto wa mwenzao hata kwa siku mbili. Mwaka wa kwanza alijibu kirefu, kwa subira. Mwaka wa pili alijibu kifupi. Sasa alikuwa akisema, "Ni kweli," kisha anaendelea kupakua viazi.

Lakini kilichomkosesha raha hasa hakikuwa maneno ya watu wala fedha, ambazo kwa taabu zilikuwa zikikaribia kutimia. Kilikuwa ni Rositsa mwenyewe. Kwa sheria za kule mtoto wa umri wake haletwi tu kama mzigo. Husimama mbele ya hakimu na kuulizwa kama anakubali, na akisema hapana ni hapana, hata kama mmeuza nyumba. Na Rositsa alikuwa na sababu zake za kusema hapana. Kabla ya akina Eubanks ilikuwapo familia nyingine, ya Italia. Walimtembelea, wakapiga naye picha, wakamwahidi baiskeli na mbwa na matembezi ya baharini. Wakaaga wakaondoka. Baiskeli haijafika mpaka leo, na wenyewe pia hawajaonekana.

Ndiyo maana shirika lililokuwa likiwashughulikia liliwaonya kabla ya safari ya kwanza: msimwahidi mtoto kitu chochote. Walitii, isipokuwa katika jambo moja. Siku ya tatu ya ziara, wakiwa wamekaa kwenye chumba chenye harufu ya kabeji, yeye Rositsa amewapa bega na Milena mkalimani amekaa katikati, Gaylon aliishiwa na maneno. Akatoa mfukoni kipande cha karatasi chenye rangi mbalimbali, zile za bure wanazogawa kwenye duka la rangi, akakiweka juu ya meza.

"Mwambie namtengenezea kitanda," akasema. "Achague rangi."

Rositsa alikiangalia kile kikaratasi kama unavyomwangalia mtu anayekuuzia saa ya bandia. Kisha akaweka kidole kwenye kijani, kijani cha majani yaliyochipua jana. Akauliza kitu.

"Anauliza ni nani mwingine atalala hapo," Milena akasema.

"Hakuna," Rhonda akajibu.

"Akija mgeni?"

"Mgeni atalala kwenye kochi."

"Na yeye akikosa adabu?"

Gaylon akajikuna kidevu. "Mwambie akikosa adabu atalala hapo hapo, amenuna."

Milena alipotafsiri, Rositsa alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho katika ziara ile. Rhonda alirudi Tolliver akiwa amekibeba kicheko hicho, na ndicho kilichomwamsha kitandani asubuhi nyingi ambazo miguu ilikataa.

Gaylon alitimiza neno lake. Alibomoa banda la marehemu mama yake, akachagua mbao za mwerezi zilizokuwa bado nzima, akazipiga randa miezi ya baridi yote. Ubao wa kichwani ulikuwa na fundo moja la mviringo lililokaa kama jicho, na hakulificha, alilipitishia rangi tu. Wakampelekea Rositsa picha. Milena alisema msichana huiweka ndani ya soksi na kutembea nayo, kwa sababu kule ukiacha kitu kabatini si chako tena.

Sasa ilikuwa Mei. Hakimu alikuwa ameshapanga kumsikiliza Rositsa katikati ya Juni. Mwisho ulikuwa umekaribia, na Rhonda alitaka kulala wiki nzima bila kuongea na mtu. Badala yake yakamwangukia mambo mawili kwa pamoja. Jumatatu angekuja Paige, afisa ustawi aliyekuwa akikagua nyumba yao, kuangalia upya kama chumba cha mtoto kiko tayari, maana ripoti ya zamani ilikuwa inakwisha muda. Na Jumamosi, kabla ya hiyo Jumatatu, ulikuwepo mnada wa mwisho wa vitu vikuukuu.

Mnada huu ulikuwa milki ya Wilma Dean Pogue. Wilma Dean ni mwanamke mwenye moyo wa dhahabu na sauti ya king'ora, na hakuna shughuli ya kanisa ambayo haikupita mikononi mwake. Mwaka mzima watu walikuwa wakitua ghalani kwa Rhonda vitu wasivyovitaka: mashine za kahawa, fimbo za uvuvi, viatu vya kuteleza kwenye barafu, sanamu ya bata. Hakuna bei. Kila kilichomo ghalani kinauzwa na mnunuzi anatoa anachoweza. Na kikiuzwa kitu kikubwa, Wilma Dean anapiga kengele ya ng'ombe na kupaza sauti, "Hatua nyingine kuja nyumbani!" na kila mtu, popote alipo, anapiga makofi. Huo ndio mtindo, na hakuna aliyesamehewa.

Siku moja kabla ya mnada, Rhonda alitaka kupaka upya kuta za chumba cha Rositsa kwa ajili ya Paige. Gaylon akakifungua kitanda, zile bolti ndefu akazitia kwenye chupa ya jamu iliyokuwa dirishani jikoni, mbao akazipeleka ghalani akaziegemeza ukutani, godoro kando yake, vyote akavifunika shuka la maua. Kisha akabandika utepe mwekundu. Wilma Dean alikuwa ameagiza: kisichouzwa kipigwe utepe mwekundu, asije mtu akalalamika baadaye.

Jumamosi kulikuwa na watu wengi na upepo. Rhonda alisimama kwenye meza ya chakula tangu alfajiri, akigawa mikate midogo ya moto iliyomiminiwa mchuzi mweupe wa soseji, akisema asante, asante mpenzi, Mungu akubariki, chumvi iko pale. Kengele ilipolia mara ya kwanza hakugeuka hata kuangalia ni nini. Mkono mmoja ulikuwa na mwiko, akapiga makofi kwa kuugonga kwenye kiganja cha mkono wa pili. "Hatua nyingine kuja nyumbani!" akaitikia na wengine. Sauti yake ilisikika mpaka barabarani.

Watu walipopungua, alianza kufuta meza ya pai. Alipoinua sahani ya mwisho akaliona shuka la maua limetandazwa chini yake, limejaa makombo. Alilitazama akili ikiwa imesimama.

"Wilma Dean. Hili shuka umelitoa wapi?"

"Ghalani, mpenzi. Upepo ulikuwa unabeba kitambaa changu cha karatasi. Lilikuwa limefunika tu mbao."

"Mbao gani?"

"Za kitanda. Kile cha kijani, na godoro lake zuri hata halijalaliwa. Si ndicho nilichokipigia kengele ya kwanza? Mbona ulipiga makofi!"

Rhonda aliketi. Hapakuwa na kiti, alikalia ndoo. Wilma Dean alimwangalia, kisha akaangalia shuka, na taratibu rangi ikamtoka usoni.

"Usiniambie," akasema. "Rhonda, usiniambie. Lakini hakikuwa na utepe! Nilisema utepe mwekundu! Gaylon! Gaylon, njoo hapa! Kwa nini hukuweka utepe?"

"Niliweka," Gaylon akasema akija na kiti mabegani. "Juu ya shuka."

Wote watatu wakalitazama lile shuka. Utepe ulikuwepo, umekunjamana kwenye pindo, umeshikilia ganda la pai ya cheri.

Aliyekinunua alikuwa Noreen Tackett, mwanamke aliyeishi ndani ya trela kule kwenye machimbo ya zamani ya mawe. Alikuwa amekuja na gari la kuazima. "Alitoa alichokuwa nacho," Wilma Dean akasema huku akifuta machozi kwa ule utepe. "Nyingine zilikuwa sarafu, zina vumbi la tumbaku. Nikampigia kengele ndefu, maskini, ili asione aibu."

Rhonda alichukua fedha kwenye bati la mauzo, mara nne ya alichotoa Noreen. Kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu aligusa fedha ile bila kuandika popote, na kama kuna aliyetaka kuuliza, aulize. Gaylon alipita jikoni akachukua ile chupa ya jamu.

"Ya nini hiyo?" Rhonda akauliza ndani ya gari.

"Bila bolti hizi hakisimami. Watakuwa wamekiegemeza tu mahali. Tutawakuta bado wanashangaa."

"Tuombe Mungu."

Njiani Rhonda aliyapanga maneno. Kumetokea makosa, mama. Hatukulaumu kabisa. Tunakurudishia chako mara nne. Yalikuwa maneno mazuri na ya haki, na aliyarudia mpaka yakamchosha nayo. Moyoni alikuwa na hasira, hakujua na nani. Na Wilma Dean, na Gaylon, na upepo. Na mikono yake mwenyewe iliyopiga makofi.

Noreen Tackett alikuwa amekaa kwenye ngazi za trela akivuta sigara, mwanamke mkavu wa miaka kama sitini, miguu ndani ya buti za kiume. Alipowatambua hakuinuka.

"Nyie ndio wale," akasema. "Wa mtoto wa ng'ambo."

"Ndio sisi," Rhonda akasema.

"Nimeona fulana. Wangu waliletwa na askari, watatu kwa mkupuo, wakati wa chakula cha mchana. Sikupata hata pai." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Msinijali, nina mdomo mbaya. Mama yao ni binti yangu. Yuko jela ya kaunti, kwa ajili ya vile vidonge vya kulevya. Mmekuja kwa ajili ya kitanda."

Hakuuliza, alisema tu. Rhonda akafungua mdomo ili yale maneno mazuri yatoke.

"Ingieni kwanza mkione," Noreen akasema, akakikanyaga kipande cha sigara yake. "Maana na mimi nina malalamiko."

Ndani, kwenye chumba kilichokuwa kidogo kuliko ghala la Rhonda, kitanda cha kijani kilikuwa kimesimama. Kimesimama si neno. Kilikuwa kimefungwa kwa waya wa uzio wa ng'ombe kwenye kona zote, na matofali yamepangwa chini ya ubavu mmoja. Jicho la fundo lilikuwa linawatazama kutoka kwenye ubao wa kichwani. Na juu ya godoro, bila shuka, alikuwa amelala mtoto wa kike wa miaka kama sita, amekunja magoti mpaka kidevuni, viatu miguuni. Viatu vya raba vya kamba, vimefungwa mafundo mawili.

"Huyo ni Brylee," Noreen akasema kwa sauti ya chini. "Tangu wamekuja analala sakafuni, nyuma ya mlango. Kochi hataki, kwangu hataki. Leo nimekiweka tu, hata sijamaliza kufunga waya, kapanda mwenyewe. Halali mchana huyu, lakini muone. Malalamiko yangu ni kwamba mmeniuzia kitanda kisicho na misumari. Kinalia kama punda. Akigeuka tu ataamka."

Mtoto akafumbua macho. Aliwaona watu wawili wazima wageni wamesimama mlangoni, na hakulia, hakushtuka. Alikaa tu, akaanza kushuka taratibu, kama mtu aliyeambiwa kituo chake kimefika.

"Bibi," akasema, "wamekuja kukichukua?"

Noreen aliwageukia wageni. Aliwaachia wao.

Rhonda alikuwa na fedha mkononi. Aliziona zimejikunja kati ya vidole vyake kama za mtu mwingine. Alimfikiria Rositsa na picha yake ndani ya soksi, alifikiria juu ya mbwa na baiskeli ya Italia, na akahisi anavutwa huku na huku. Alikuwa amechoka mno kupima mema na mabaya. Akasikia sauti yake mwenyewe.

"Hapana, mama. Tulisahau kuwapa bolti zake. Tumezileta."

Gaylon hakusubiri kuambiwa mara mbili. Alipiga magoti pale pale sakafuni, akakata waya, akazitia bolti moja moja na kuzikaza, na Brylee alimshikia chupa ya jamu na kumpa nyingine kila alipomaliza. Alipomaliza alikisukuma kwa bega. Hakikulia. Noreen alisema kitu kuhusu kahawa, wakasema hapana, asante, na kwa mara ya kwanza asante hiyo ilitoka kavu bila tabasamu. Mlangoni Noreen alimshika Rhonda mkono.

"Mlikuwa mmekuja kukichukua," akasema.

"Ndiyo."

"Sawa," Noreen akasema, akamwachia.

Gari lilikuwa limefika darajani.

"Nitatengeneza kingine," Gaylon akasema.

"Kwa mbao zipi? Banda la mama yako limekwisha."

"Mbao ni mbao. Rangi imebaki nusu kopo. Nikifanya haraka, nikipaka vile vile... Rhonda, si lazima ajue."

"Anayo picha, Gaylon. Anaijua kuliko anavyojua uso wako. Ile picha ina jicho."

Gaylon akapunguza mwendo. Baadaye akasema, "Akija akakuta siyo, sisi ni Waitaliano."

"Na tukimwambia sasa, kabla ya hakimu, ni Waitaliano vile vile."

Jumapili Wilma Dean alisimama kanisani akaungama makosa yake kwa sauti iliyofika mpaka kwenye makaburi, na unajua watu wa kwetu wakiguswa. Hadi Jumatatu asubuhi vitanda vitatu vilikuwa vimefika kwa akina Eubanks. Kimoja cha chuma, kimoja cha ghorofa, na kimoja cha Wilma Dean mwenyewe, cha mbao nyeusi, kimechongwa tai wawili kichwani, kizito kama madhabahu. Rhonda aliandika kadi tatu.

Paige alipofika na begi lake, msichana mdogo wa kutosha kuwa binti yake, alisimama katikati ya chumba akizunguka pole pole.

"Mnafungua hoteli?" akauliza. "Faili langu lina kitanda cha kijani."

Rhonda alikuwa amejiandaa kusema kiko kwa fundi. Lakini uongo nao unataka nguvu. Akasimulia mambo kama yalivyotokea, kuanzia shuka hadi bolti, amesimama ameegemea tai wa Wilma Dean. Paige alisikiliza bila kuandika.

"Kwa upande wangu kitanda ni kitanda," akasema mwishowe. "Sheria yangu inataka mtoto asilale sakafuni, haitaki rangi. Lakini mimi siye mtakayeishi naye. Mwambieni. Leo hii. Akija kugundua mwenyewe, hata baada ya miaka mitano, mtakuwa mmemdanganya leo."

Akaondoka. Rhonda na Gaylon wakakaa mezani jikoni, kompyuta mbele yao, wakaomba waitiwe Rositsa. Kwao ilikuwa asubuhi, kule jioni ilikuwa inaingia. Milena alionekana kwanza, kisha akasogea, na Rositsa akakaa, nywele zimefungwa nyuma, mikono ndani ya mikono ya sweta. Alisema habari kwa Kiingereza alichojifunza. Kisha akaziona nyuso zao. Mtoto wa kituoni anajua uso wa mtu aliyekuja kuaga, na Rhonda alimwona akiufunga wake kama dirisha.

"Milena," Rhonda akasema, "mwambie kitanda chake hakipo tena. Tumekiuza kwa makosa. Na tulipokwenda kukichukua tumekiacha. Mimi ndiye niliyekiacha, si Gaylon."

Akaeleza. Alieleza juu ya mnada, kengele, makofi, utepe mwekundu uliobandikwa juu ya shuka, Noreen na wajukuu wake. Hakujitetea. Milena alikuwa akitafsiri polepole, na uso wa Rositsa haukusogea. Milena alipomaliza, ilisikika milango ikifungwa huko ng'ambo. Gaylon alikuwa ameushika ukingo wa meza.

Rositsa akauliza kitu, neno moja au mawili.

"Anauliza huyo mtoto ana miaka mingapi."

"Sita."

Akauliza tena.

"Anauliza," Milena akasema, kisha akasita, "kama alikuwa amelala na viatu."

Rhonda hakuwa amelitaja jambo hilo. Hakuwa amemtajia mtu yeyote, hata Paige.

"Ndiyo," akasema. "Vimefungwa mafundo mawili. Amejuaje?"

Milena hakutafsiri swali hilo, na Rositsa hakulihitaji. Alikuwa anaangalia chini, mahali ambapo kamera haikufika, pengine miguu yake mwenyewe. Kisha akaingiza mkono huko chini, akaitoa ile picha, imekunjika mara nne, akainyoosha kwenye goti. Aliitazama. Akasema maneno kadhaa kwa haraka bila kuinua macho.

"Anasema basi abaki nacho. Anasema cha kwake kipakwe rangi ile ile, hicho kingine chochote, hata kikiwa kibaya."

"Kina tai wawili," Gaylon akasema. "Mwambie. Asije akasema hatukumwambia."

Rositsa alipoelewa aliinua macho, akamtazama Gaylon kwa muda. Kisha akauliza, na safari hii alimwangalia Rhonda, moja kwa moja, kama mtu mzima anayeuliza jambo la kazi.

"Anauliza kama tiketi yake ya ndege mmeshanunua."

"Bado," Rhonda akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Ndiyo fedha zilizotimia juzi. Tunanunua tu hakimu akishamsikia. Yeye akikubali."

Milena akatafsiri. Rositsa akakunja picha, akairudisha ndani ya soksi bila haraka, akajibu. Milena akaanza kutafsiri, akacheka, akaanza upya.

"Anasema tiketi hiyo mkishainunua muibandike utepe mwekundu. Lakini muibandike yenyewe, siyo juu ya shuka."

Gaylon alicheka kwa mdomo wote, pengo likaonekana, na Rhonda hakumkataza.